Sentensi Tuliyoipeleka Barazani

Daraja letu dogo la watembea kwa miguu lilichukuliwa na maji usiku mmoja wa mvua. Lilikuwa magogo mawili yaliyopigiliwa mbao juu, na waya wa kushikia upande mmoja. Pamoja na uduni wake, ndilo lililotufikisha shuleni na zahanati. Lilipoondoka ikatubidi tuzunguke kwa barabara kuu, mwendo wa karibu saa nzima kwa mtu mzima. Watoto hawakuzunguka. Walivuka kwa kuruka mawe. Nilimwona mmoja wao akiteleza, mkoba wake ukachukuliwa na maji, yeye akabaki ameng'ang'ania mzizi mpaka tukamfikia. Jioni ile majirani walikutana, tukakubaliana kuandika ombi kwa baraza la madiwani, nami nikakabidhiwa kazi ya kuliandika.

Tuliandika mara mbili. Mara ya kwanza tulikosea karibu kila kitu, na makosa yale yalitugharimu miezi. Nayasimulia kwa sababu najua wapo watu wanaozungusha karatasi za saini hivi sasa, wakiamini kama tulivyoamini sisi kwamba majina yakiwa mengi, mlango utafunguka wenyewe.

Ombi la kwanza lilikuwa na kurasa tatu. Lilianza na historia ya eneo letu, likaja suala la taa, kisha upungufu wa dawa zahanati, polisi kuchelewa usiku, barabara kuu kukosa matuta, na mahali fulani katikati ya ukurasa wa pili, ndani ya aya ndefu, likatajwa daraja. Kila aliyekuja kusaini alitaka na la kwake liingie, na tuliona vibaya kumkatalia mtu mwenye shida ya kweli. Mwisho tukaandika: "Tunawaomba wahusika watusaidie." Nilipoisoma kwa sauti mbele ya watu walipiga makofi, na nikajua tumemaliza.

Majina tuliyakusanya kwenye madaftari ya shule, zaidi ya mia mbili. Niliyapeleka mwenyewe kwenye ofisi za baraza, nikamkabidhi kijana niliyemkuta mlangoni, naye akasema atayafikisha. Sikumuuliza jina wala cheo. Sikuomba karatasi yoyote ya kuonyesha kuwa nimefika.

Baada ya miezi miwili ya kimya nilirudi. Masijala hawakuwa na ombi letu. Walifungua daftari la barua zinazoingia, wakapitisha kidole kwenye tarehe ile na siku zilizofuata, halimo. Nilikuwa nimebaki na rasimu tu. Majina ya watu zaidi ya mia mbili yalikuwa yamepotea mikononi mwangu, na kila mmoja wao nilikuwa nakutana naye njiani.

Pale masijala palikuwa na mama mmoja, karani wa miaka mingi, aliyeniona nimesimama nisijue pa kwenda. Aliniomba ile rasimu. Akaisoma yote bila kuketi, akarudi ukurasa wa kwanza, akaisoma tena. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, diwani akisimama na karatasi hii kwenye kikao, aliombe baraza liamue nini?"

Nikaanza kumweleza habari za daraja. Akainua mkono kuninyamazisha.

"Usinieleze mimi. Niwekee kidole pale palipoandikwa."

Nilitafuta. Sikuwa na pa kuweka kidole.

Yote niliyojifunza baadaye yalianzia kwenye swali hilo. Mama yule alinifafanulia kwa maneno machache jambo ambalo nilikuwa naishi karibu nalo bila kulijua. Baraza huamua kwa hoja. Hoja hutolewa na mjumbe, mwingine anaiunga mkono, inajadiliwa, na ikipita inaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kama azimio. Mtendaji wa ofisi, hata awe na moyo mwema namna gani, anatekeleza azimio. Hawezi kutekeleza huzuni. Karatasi ikiingia kikaoni na kurasa tatu za shida na mstari mmoja wa "tusaidieni", wajumbe watasikitika kwa dhati, watasema wamepokea, na wataendelea na ajenda inayofuata, maana hakuna walichoombwa kupitisha.

Akanionyesha pia kwamba nusu ya tuliyoyaandika hayakuwa mikononi mwa baraza. Polisi wana ngazi zao. Dawa zilikuwa zinaagizwa na mamlaka nyingine. Barabara kuu ilikuwa chini ya wakala wa kitaifa, na baraza lisingeweza kuweka tuta hata kama wajumbe wote wangenyoosha mikono. Njia ya miguu na daraja lake, hivyo vilikuwa vyao. "Mkiomba saba, wataanza kuwajibu yale wasiyoyaweza," alisema, "na barua itafungwa hapo."

Akanipa kanuni za kudumu za baraza nizisome palepale, kwenye benchi. Napenda kusisitiza hili kwa yeyote anayeanza: soma kanuni za chombo unachokiendea kabla hujaandika neno, kwa sababu hazifanani. Bunge la Uingereza, kwa mfano, lina utaratibu wa maombi ya mtandaoni ambapo saini 10,000 zinapata jibu la serikali, na 100,000 zinafanya ombi lifikiriwe kwa mjadala. Halmashauri moja huweka idadi ya chini ya saini, nyingine haiweki. Pengine ombi lazima liwasilishwe na diwani, pengine mwananchi anawasilisha mwenyewe. Baraza letu halikudai umati. Lilidai mambo madogo ambayo sisi hatukuwa nayo hata moja: jina kamili na mahali anapoishi kila aliyesaini, mtu mmoja wa kuwasiliana naye, na maneno ya ombi lenyewe juu ya kila karatasi ya saini.

Hilo la mwisho nililiona kama usumbufu wa kiofisi mpaka nilipolitafakari. Karatasi yenye majina matupu inaweza kubandikwa nyuma ya ombi lolote. Mjumbe asiyetaka kusikia atauliza, na atakuwa na haki, anajuaje kwamba watu hawa walisaini daraja na si kitu kingine. Mwalimu mmoja mstaafu wa historia aliyekuwa kwenye kamati yetu alitukumbusha yaliyowapata Wachatisti wa Uingereza, wafanyakazi waliodai haki ya kupiga kura. Mwaka 1848 walipeleka Bungeni ombi walilosema lina saini zaidi ya milioni 5. Makarani wakahesabu, wakapata chini ya milioni 2, na ndani yake wakakuta majina ya uongo, likiwemo la Malkia Victoria. Bado yalikuwa majina ya watu wengi mno kuliko ombi letu litakavyowahi kuota. Lakini mjadala ukageuka ukawa juu ya yale ya uongo, na dai lenyewe likasukumwa pembeni kwa kicheko. Mwalimu alisema hivyo akiwa ameinamisha kichwa, kama anayezungumzia watu aliowafahamu. Tukaamua palepale kwamba hakuna mtu atakayemsainia mwingine, hata mume kwa mke, hata mama kwa mwanawe mtu mzima.

Kisha tukaketi kuandika ile sentensi.

Ilituchukua jioni mbili. Watu wanashangaa nikiwaambia, jioni mbili kwa sentensi moja, lakini ningerudi ningeipa hata ya tatu. Rasimu ya kwanza ilisema: "Tunaomba baraza lishughulikie daraja." Tukajiuliza, je, mtu akitumwa kuja kulitazama na kurudi, si atakuwa ameshughulikia? Tukafuta. Ya pili ilisema lijengwe daraja la zege. Mama karani alikuwa ametuonya kwamba mwaka wa fedha ulikuwa katikati, bajeti imeshapitishwa, na kuomba jambo kubwa ambalo halina fungu ni kuwapa sababu nyepesi ya kukataa. Vijana wakataka tuandike "tunadai". Wazee wakataka "tunaomba kwa unyenyekevu". Hapo mabishano yalikuwa makali, na sikuyaona kuwa ya bure, kwa sababu vijana walikuwa na hoja: daraja lilikuwa haki yetu, si hisani. Mwalimu akatatua kwa kusema kwamba kinachobeba uzito ni kitenzi kinachofuata. Ukiandika "tunaomba baraza liazimie", umeshawaambia wafanye nini, na kwa mamlaka gani.

Mwishowe ikawa hivi: "Tunaomba Baraza liazimie kuweka daraja la muda lenye mbao imara na vishikio pande zote mbili kabla ya msimu ujao wa mvua, na kutenga fedha za daraja la kudumu katika bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata." Kila neno tulilipima. "Pande zote mbili" liliingizwa na mama mmoja ambaye hubeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani, akatuonyesha kwa mwili wake kwa nini waya wa upande mmoja haufai anaporudi. "Kabla ya msimu ujao wa mvua" lilitupa tarehe ya kuwauliza. Na kugawa ombi sehemu mbili, la sasa na la baadaye, kulimpa mjumbe mwenye wasiwasi kitu cha kukubali bila kukubali vyote.

Juu ya sentensi hiyo tuliweka maelezo ya nusu ukurasa tu. Lini daraja lilikatika. Nani wanalitumia. Njia mbadala ni ndefu kiasi gani. Dada wawili wa mtaani walikaa kando ya maji asubuhi tatu, tangu saa kumi na mbili hadi saa tatu, wakihesabu waliovuka kwenye mawe, vijiti vitano vitano kwenye daftari, watoto safu yao na wajawazito safu yao. Sikutegemea kwamba daftari lile lingekuwa silaha yetu kubwa kuliko maneno yangu.

Kukusanya saini safari hii kulikuwa kwa taratibu. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, tukisoma ombi lote kabla ya kutoa kalamu. Mama mmoja alishika kalamu, akairudisha. Aliogopa jina lake kubaki kwenye ofisi za wakubwa. Mwalimu hakumcheka wala hakumbembeleza. Alimsimulia kwamba mwaka 1688 maaskofu saba wa Uingereza walimpelekea Mfalme James II ombi, nao wakafungwa kwenye Mnara wa London na kushtakiwa kwa ajili ya karatasi hiyo. Wazee wa baraza la mahakama wakawaona hawana hatia. Mwaka uliofuata, 1689, sheria ya haki za raia ya nchi hiyo ikaandika wazi kwamba ni haki ya raia kumpelekea mfalme maombi, na kwamba kumfunga au kumshtaki mtu kwa sababu hiyo ni kinyume cha sheria. Marekebisho ya kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yakaiweka haki hiyo pia, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja katika Ibara ya 37. "Hofu yako ina historia, dada," akamwambia, "na haki yako nayo ina historia." Mama yule hakusaini siku ile. Alisaini kesho yake, na alitutafuta yeye.

Kulikuwa na mzee asiyejua kusoma. Nilimsomea mara mbili, akaniuliza "kutenga" maana yake nini, nikamweleza kuwa ni kuweka pembeni fedha ili zisifanye kazi nyingine. Akatikisa kichwa. Akachovya dole gumba kwenye wino, akalibonyeza pole pole ndani ya kisanduku chake, bila kutoka nje ya mstari, na jirani yake akasaini kama shahidi. Akalitazama dole lake kwa muda kabla ya kulifuta.

Tulipata majina pungufu kuliko mara ya kwanza. Yote yalikuwa ya kweli, na kila mmoja angeweza kueleza alichosaini.

Kabla ya kuwasilisha tulimwendea diwani wetu nyumbani, kwa sababu si uungwana, na wala si busara, kumfanya mtu asikie ombi la watu wake kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake. Tulimwendea pia mwenye shamba ambalo njia inapita kando yake. Alikuwa na manung'uniko ya kweli kuhusu watu kukanyaga mazao, tukakubaliana njia ifuate mpaka. Kama tusingemwendea, naamini angesimama siku ile kupinga.

Masijala nilifika na nakala mbili. Mama karani alikuwepo. Alihesabu kurasa, akaandika idadi yake, akachukua muhuri. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka. Akakidondoshea matone, akaukandamiza muhuri kwenye karatasi ya pembeni kwanza, kisha juu ya nakala yetu. IMEPOKELEWA, tarehe, na chini yake akaandika kwa mkono kumbukumbu namba. Nilitoka nje nikiishika karatasi ile kwa ncha za vidole ili wino usipanguke. Kuanzia siku hiyo sikuuliza tena "ile barua yetu imefikia wapi". Niliitaja namba, na kila ofisi niliyoingia ilinisikiliza kwa namna tofauti.

Siku ya kikao nilipewa dakika tano. Nilisoma ile sentensi mwanzo, nikaeleza kwa dakika tatu, nikaisoma tena mwisho. Mjumbe mmoja akauliza kwa nini tusizunguke kwa barabara kuu kama watu wengine. Sikubishana naye. Nilifungua daftari la wale dada, nikasoma hesabu ya watoto kwa asubuhi tatu. Ukumbi ulitulia. Diwani wetu akaitoa kama hoja, mwingine akaiunga mkono, mwenyekiti akasema ombi limepokelewa na linapelekwa kwenye kamati ya ujenzi.

Hapa majirani zangu walishangilia, nami nilitaka kushangilia nao. Lakini kupokelewa na kukubaliwa ni vitu viwili. Jambo likishapelekwa kamati linaweza kukaa huko mpaka walioliomba wachoke. Mwalimu alituambia tutafute siku ya kikao cha kamati, tuombe kwa barua kwamba taarifa yake irudi kwenye kikao kijacho cha baraza, na tuhudhurie kusikiliza. Tulikuwa watano kwenye viti vya nyuma. Ilipofika ajenda ya yatokanayo na kikao kilichopita, mwenyekiti alituona, akamuuliza mhandisi amefikia wapi. Mhandisi akasema atakwenda eneo la tukio. Alikuja wiki ile ile. Alipima upana wa maji kwa kamba, akasimama kwenye jiwe la katikati, akanyamaza kidogo, akasema yeye mwenyewe asingemruhusu mwanawe apite hapo.

Daraja la muda liliwekwa siku chache baada ya mvua za kwanza kuanza, si kabla yake kama tulivyoomba. Lina vishikio pande zote mbili. Fedha za la kudumu zilitengwa kwenye bajeti iliyofuata, pungufu ya makadirio ya mhandisi, na tumeshapeleka barua nyingine kuhusu kiasi kilichobaki, kwa kumbukumbu namba ile ile. Bado tunafuatilia. Watu wa mtaa wa pili wamekuja kutuomba tuwasaidie kuandika la taa, na nimewauliza swali nililoulizwa mimi.

Kumbukumbu za kikao zilipothibitishwa niliomba nakala ya ukurasa unaotuhusu. Nilikwenda nayo kwa yule mzee wa dole gumba, nikamkuta amekaa kivulini. Nikamsomea azimio. Lilikuwa karibu neno kwa neno lile tulilolipeleka: kuweka daraja la muda lenye mbao imara na vishikio pande zote mbili, na kutenga fedha za daraja la kudumu.

"Kutenga," akasema.

"Ndiyo, mzee. Kutenga."

Akaichukua karatasi, akaitazama juu hadi chini kama mtu anayetafuta alama yake, akanirudishia. Akaniomba nimsomee tena.